Kinyago Kidogo, Kalibu Kubwa

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona ukurasa huu, ambao kwa kawaida hujadili bajeti, katiba na mwenendo wa watawala, leo ukizungumzia vinyago vya plastiki visivyozidi urefu wa kidole gumba. Mshangao huo ninauelewa, lakini siukubali. Siasa haikai bungeni peke yake. Hukaa pia katika nyimbo za watoto, katika katuni za magazeti na katika michezo ambayo watu wazima huicheza wakiamini kwamba wamepumzika na siasa. Anayetaka kujua jamii fulani inamhesabu nani kuwa mtu na nani kuwa zimwi, asiishie kwenye hotuba za viongozi wake; atazame na vinyago vyake.

Mchezo ninaouchukua kuwa mfano unaitwa Blood Bowl. Ulitolewa mwaka 1986 nchini Uingereza na kampuni ya Games Workshop, na mbunifu wake ni Jervis Johnson. Ni dhihaka ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi na kugongana vifua. Uwanja wake ni ubao wa miraba 26 kwa 15, kila upande huteremsha wachezaji kumi na mmoja, na wanaocheza ni orki, goblini, mizuka, mbilikimo wenye ndevu na binadamu wachache. Kabla ya mchezo kuanza, mwenye timu hukata, hubandika na kupaka rangi wachezaji wake mmoja mmoja. Wengi hutumia saa nyingi zaidi na brashi kuliko na dadu.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya pembeni. Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu, John Peake, Ian Livingstone na Steve Jackson. Mwaka 1979 ikazaliwa Citadel Miniatures, kampuni ya kusubu vinyago. Mwaka 1983 ukatoka mchezo wa vita wa Warhammer. Mwaka 1994 kampuni ikaingia katika Soko la Hisa la London. Desemba 2024 ilipanda hadi kundi la kampuni 100 kubwa za soko hilo, ikakaa orodha moja na mabenki na wachimba madini. Kiwanda chake kikuu kiko Nottingham. Kitu chenye uzito wa namna hiyo katika uchumi hakiwezi kukosa uzito katika fikra.

Isitoshe, asili ya michezo hii ni ya kiserikali kabisa. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz aliwasilisha kwa wakuu wa jeshi lake mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, na jeshi likauchukua. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha kitabu, Little Wars, chenye kanuni za kupigana vita vya sakafuni kwa askari wa kuchezea, akitumaini kwamba vita vidogo vingewaondolea watu hamu ya vile vikubwa. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja. Novemba 1914 vilikuwa vimekwisha kufika Tanga, na kabla havijaisha watu wa Afrika Mashariki kwa mamia ya maelfu walikuwa wamebebeshwa mizigo ya majeshi ya wengine. Jina la Kariakoo, soko tulijualo sote, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Masanduku ya askari wa kuchezea yamejaa majenerali, wapanda farasi na mizinga. Mpagazi ni nadra kumkuta. Hapo pana somo letu la kwanza: kabla ya kuuliza mtu amechongwaje, uliza nani hakuchongwa kabisa.

Tuitazame kazi yenyewe, maana ndani yake mna mafunzo ambayo hotuba haziwezi kuyatoa. Vinyago hivi hutengenezwa kwa plastiki inayoyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ya namna hiyo ni ghali, na ikishachongwa hutumika kwa miaka mingi. Vipande hutoka vikiwa vimeshikana kwenye fremu, mkono huku, kichwa kule. Mara nyingi sanduku moja huwa na fremu mbili zinazofanana, hivyo wachezaji kumi na wawili hugawana sura sita. Mwenye kazi hukata kila kipande kwa koleo dogo, kisha hukwangua kwa kisu ule mstari mwembamba ulioachwa na nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mstari huo usipoondolewa, rangi itauonyesha zaidi badala ya kuuficha. Gundi inayotumika huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki hadi zishikane kuwa kitu kimoja. Ukikosea mkono, huwezi kuubandua kesho, itabidi uukate.

Baada ya hapo hufuata rangi ya msingi, ambayo bila yake rangi nyingine hazishiki. Kisha rangi za nguo, ngozi na chuma, zikipakwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu tabaka moja zito huziba macho, meno na mikunjo yote aliyoihangaikia mchongaji. Kisha hupitishwa rangi ya majimaji yenye giza, nayo huteremka yenyewe ndani ya mikunjo na kuleta kivuli. Mwisho, brashi iliyokaushwa karibu kabisa hupitishwa juu ya kingo ili mwanga uonekane. Yeyote aliyekwisha kukaa na kazi hii anajua kwamba haina njia ya mkato. Tabaka la kwanza lisipokauka, la pili huliharibu.

Mkazo wangu uko kwenye jambo moja katika hatua hizi. Plastiki hutoka kiwandani ikiwa ya kijivu. Hakuna chochote katika umbo la shujaa kinachomlazimisha awe mweupe, wala katika umbo la adui kinachomlazimisha awe mweusi. Picha ya kwenye sanduku hupendekeza. Mwenye brashi huamua. Huo ni uhuru wa kweli, tena si mdogo. Lakini ni uhuru wa juu ya ngozi. Taya limekwisha kuchongwa, pua imekwisha kutandazwa, mgongo umekwisha kupindwa. Rangi ni ya mnunuzi. Umbo ni la mwenye kalibu.

Tuje kwenye kanuni, ambazo watumishi wa umma watazifurahia. Kila kocha huanza na hazina ya vipande 1,000,000 vya dhahabu, wala hakuna mkopo. Chukua timu ya Black Orc, yaani orki weusi, kwa bei za toleo la mwaka 2020. Orki mmoja ni 90,000 na goblini mmoja 45,000. Ukinunua sita kwa sita umetumia 810,000. Zinabaki 190,000. Haki moja ya kurudia kurusha dadu hugharimu 60,000. Ukinunua tatu, zinabaki 10,000 tu, na hakuna tabibu. Ukitaka tabibu, naye ni 50,000, lazima uache haki moja ya kurudia. Basi, ni lipi bora: kujikinga dhidi ya makosa, au kumtibu aliyekwisha kuvunjika? Nimewahi kuona semina za bajeti zilizochukua siku tatu bila kuliuliza swali hilo kwa uwazi huo.

Zaidi ya hapo, mchezo huu haujifanyi kwamba timu zote ni sawa. Zipo zilizotengenezwa makusudi ziwe dhaifu. Ila kabla ya mechi, thamani za timu mbili hulinganishwa, na ile yenye thamani ndogo hupewa tofauti hiyo kama fedha ya kukodi msaada wa siku hiyo: mchawi, tabibu wa ziada, mchezaji nyota. Dhaifu hahakikishiwi ushindi. Anahakikishiwa kwamba hataingia uwanjani mikono mitupu. Mchezo wa mzaha umefahamu jambo ambalo mipango mingi ya maendeleo hulisahau: kanuni moja kwa wote haileti nafasi moja kwa wote mpaka pengo la mwanzo lishughulikiwe.

Miongoni mwa misaada hiyo ya kununuliwa, rushwa imo. Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Kitabu cha kanuni kina bei rasmi ya kumhonga mwamuzi: 100,000. Hapo dhihaka imewalenga wakubwa wa michezo ya kulipwa, na imewapata. Lakini endelea kusoma. Ziko timu zilizopewa kanuni maalumu iitwayo rushwa na ufisadi, ambazo hununua hongo hiyo kwa nusu ya bei. Miongoni mwao ni goblini na Black Orc. Katika sanduku la mwaka 2020 timu ya Black Orc iliwekwa uso kwa uso na timu ya makabaila wa Dola, wenye kofia za manyoya na nguo za hariri. Makabaila hao hawana kanuni hiyo. Mwana wa mtawala, mwenye ardhi na mahakama, anahonga kwa bei ya kawaida kama raia mwema. Aliyezaliwa na meno makubwa, rushwa imo katika maumbile yake.

Simtuhumu mwandishi wa kanuni kwamba alikaa akakusudia kutukana bara lolote. Nasema alifuata mazoea, na mazoea ndiyo kalibu yenyewe. Ni kwa mazoea hayohayo ripoti nyingi zimeueleza ufisadi wa nchi maskini kuwa ni utamaduni, na ufisadi wa miji mikuu ya fedha kuwa ni kasoro ya usimamizi. Na tuwe waadilifu: orki wa Nottingham hakuchongwa kwa kumtazama Mwafrika. Lafudhi yake katika vitabu vya Warhammer ni mzaha wa Kiingereza cha watu wa tabaka la chini, na tabia yake ni ya mashabiki wakorofi wa soka wa miaka ya 1980. Kalibu iliyotumika ugenini ilijaribiwa kwanza nyumbani, kwa maskini wa nyumbani. Hata ngano ya Black Orc inasimulia kwamba walizalishwa na mbilikimo waovu ili wawe watumwa, nao wakaasi. Watu walioasi utumwa, na bado ngano haikuona sababu ya kuwafanya mashujaa.

Kuna mfano, hata hivyo, ambao hauhitaji tafsiri ya kina. Katika miaka ya 1980 Citadel iliuza kundi la vinyago lililoitwa Pygmies. Havikuwa viumbe wa kubuni waliobahatika kufanana na watu. Vilikuwa vikaragosi vya Waafrika wafupi, kwa mtindo uleule wa katuni za kikoloni, wenye midomo iliyotiwa chumvi na silaha za kuwindia. Vinyago hivyo vimekwisha kuondolewa sokoni zamani. Lakini vilichongwa, vikauzwa, vikapakwa rangi na vijana wapole waliokuwa wakiburudika tu. Navyo vilikuwa na mababu.

Mwaka 1904 Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Kongo, alionyeshwa katika maonyesho ya dunia ya St. Louis nchini Marekani. Mwaka 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, watu wakalundikana kumtazama. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga mpaka akaondolewa. Hakupata njia ya kurudi kwao, na mwaka 1916 alijiua huko Lynchburg, Virginia. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi mwaka 2020, miaka 114 baadaye. Waliolipia kumtazama hawakuwa mazimwi. Walikuwa familia zilizotoka matembezini, ambazo tayari zilikuwa zimepewa sura ya kumwona nayo.

Nasi tusijitoe katika hesabu. Kiswahili chetu kina neno mbilikimo, nami nimelitumia hapo juu kwa mbilikimo wa ngano. Neno hilohilo, lililo katika hadithi ya msichana wa theluji na wenzake saba, ndilo tunalowaitia Wabambuti wa Ituri na Batwa wa Maziwa Makuu. Mtoto wetu hulisikia kwanza kitabuni likiwa la viumbe wa kuchekesha, kisha hulisikia katika taarifa ya habari likiwa la raia. Tumewatia watu na vijitu vya ngano katika kalibu moja, bila msaada wa Nottingham.

Hili lina uzito gani? Mwaka 1991 serikali ya Uganda ilitangaza misitu ya Bwindi na Mgahinga kuwa hifadhi za taifa, na Batwa walioishi humo wakatolewa. Walifungua shauri, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikaamua kwa upande wao, miaka 30 baada ya kutolewa. Sisemi kwamba kinyago cha Uingereza kiliwafukuza Batwa msituni. Huo ungekuwa upuuzi. Nasema kwamba mtu akishazoeleka kuwa sehemu ya mandhari, kama mti au nyani, kumwondoa hakuonekani kuwa ni kumfukuza mtu kwao. Huonekana kuwa ni kupanga mandhari upya.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: huu ni mchezo tu. Kama ungekuwa mchezo tu, jeshi la Prussia lisingeutumia kufundishia maofisa. Watu hujifunza wanapocheza, tena hujifunza zaidi kwa sababu hawana habari kwamba wanafundishwa.

La pili: yote ni dhihaka. Ni kweli, na dhihaka nzuri naipenda. Ila dhihaka haimlindi mtu kwa sababu tu mwandishi wake aliikusudia. Dola ya binadamu katika Warhammer 40,000, mchezo mwenza uliotoka mwaka 1987, ilibuniwa kuwa kejeli ya utawala wa kiimla. Hata hivyo Novemba 2021 kampuni ililazimika kutoa tamko la kueleza kwamba dola hiyo ni ya kukejeliwa, haikuwekwa iwe mfano wa kuigwa, na kwamba makundi ya chuki hayana nafasi katika maduka na matukio yake. Tamko lilifuata kisa cha mshindani mmoja nchini Hispania aliyefika mashindanoni akiwa amevaa alama za Kinazi. Ilifika miaka zaidi ya 30 baada ya kejeli hiyo kubuniwa, na bado palihitajika maelezo ya maandishi.

La tatu: mkiondoa mazimwi mtauondolea mchezo chumvi. Sijasema yaondolewe. Wenye Dungeons & Dragons, mchezo uliotangulia mingi ya jamii hii tangu mwaka 1974, walitangaza mwaka 2020 kwamba wangeacha kuwaeleza orki kama viumbe waovu kwa kuzaliwa, na katika kitabu chao cha wachezaji cha mwaka 2024 neno rangi, kwa maana ya mbari, likatoa nafasi kwa neno spishi. Mchezo haukufa. Adui mwenye sababu zake anatisha kuliko adui aliyeumbwa mwovu, kwa kuwa huyo wa kwanza huenda akawa na haki.

Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wengi husimulia methali hii kwa kumcheka anayeogopa kazi ya mikono yake. Mimi naisoma pia upande wa pili: kinyago asichokichonga mtu mwenyewe kinaweza kumtisha, na ikiwa kimechongwa kwa sura yake, kinaweza kuwatisha wengine dhidi yake.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi: someni kanuni za michezo kama msomavyo sheria. Ulizeni nani amepewa nini bure na nani anakilipia, na kwa nini. Tasnifu nzuri inaweza kutoka katika kijitabu cha mchezo kuliko katika mamia ya kurasa za mpango mkakati.

Kwa wanaharakati: msianze na kupiga marufuku. Marufuku huacha kalibu ilipo na kuificha tu. Ombeni nafasi penye kuchonga. Mashine za kuchapa maumbo ya plastiki kutoka kwenye kompyuta zimeshuka bei kiasi kwamba kikundi cha vijana au karakana ya chuo inaweza kuwa nayo, na mchongaji hahitaji tena kiwanda cha chuma. Pwani na bara letu lina mazimwi ya kutosha, mashujaa wa kutosha, na wapagazi ambao bado hawajachongwa.

Kwa watumishi wa umma, neno langu ni zito zaidi, kwa sababu kalibu zenu hazitengenezi wa kuchezea. Fomu ya sensa ni kalibu. Orodha ya wanufaika ni kalibu. Kisanduku kilichoandikwa "wengineo" ni kalibu. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwatengea Batwa viti vitatu katika kila baraza la bunge. Viti hivyo ni vichache, na uwakilishi una matatizo yake, lakini hapo jina liliandikwa ili mtu apate pa kukaa. Jina Pygmies, kwenye vinyago vya miaka ya 1980, liliandikwa ili mtu achekwe. Kabla ya kuandika jina la watu katika fomu inayofuata, ulizeni ni lipi kati ya hayo mawili fomu hiyo inalifanya, na ikiwezekana waulizeni wenyewe wangependa kuitwaje.